Mkono wa Saa Kumi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi. Kama umesimama jikoni, vuta kigoda. Kama uko kazini na redio umeificha chini ya meza, punguza sauti kidogo, bosi wako asije akanilaumu mimi. Leo sauti yangu imechoka, mniwie radhi. Wiki hii nimekaa sana kwenye nyumba ya msiba, na mtu akikaa sana msibani hata ulimi unakuwa mzito.

Lakini mnanijua, siwezi kuanza bila kuwategea. Kitendawili! Nawasikia: tega. Asubuhi mtumishi wangu, jioni bwana wangu. Fikirini taratibu. Mkishindwa msinipe mji, miji mliyokwisha kunipa inatosha, hata sijui nitaitawala lini. Jibu litakuja lenyewe humohumo kwenye habari.

Leo tunamkumbuka fundi mmoja. Alifariki Jumatatu iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: fundi wetu amefariki Jumatatu, miaka sabini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kubuni vidude vya kushika mkononi, vya kutolea vitu vizito kama gundi. Unabonyeza, gundi inatoka kwenye mdomo mwembamba, tone kwa tone au mstari kwa mstari, pale unapotaka na si pengine. Ukisikia hivi unaona ni kazi ndogo. Ilimla miaka thelathini na mitatu.

Watu walimwita Mzee Bado. Kila aliyemuuliza, "Fundi, kidude kiko tayari?" alijibiwa hivyo: bado. Na neno lenyewe hata halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake.

Ameacha mke, binti mmoja, na dada huyo, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa. Mshikeni vizuri huyo dada, wasikilizaji, maana bila yeye hakuna habari.

Wazazi wao walitangulia mapema. Fundi alikuwa na miaka sita, dada kumi na minne. Dada akawa mama kabla hajamaliza kuwa mtoto. Alipofikisha miaka kumi na minane akaingia kiwanda cha viatu, benchi ya soli. Kazi ya benchi ile ni hii: unachukua soli, unapaka gundi kwenye ukingo wake kuzunguka, upana wa njiti ya kiberiti. Ikizidi, inafurika nje, kiatu kinaonekana kama kina mafua. Ikipungua, soli inafumbua mdomo barabarani na mwenye kiatu anarudi na matusi. Walipaka kwa brashi. Viatu mia mbili na arobaini kwa siku. Mia mbili na arobaini, kidole gumba kimeibana brashi toka asubuhi mpaka jioni.

Kwa kidole gumba hicho mdogo wake alikula, akavaa, akasoma, akajifunza ufundi. Naye akaajiriwa kiwanda hichohicho, chumba cha kutengeneza mashine, ng'ambo ya ukuta. Dada akimsikia akigonga nyundo kule, anajua mdogo wake yuko hai.

Miaka ikaenda. Fundi alipofika thelathini na nane, dada arobaini na sita, kidole kile kikaanza kugoma. Kilivimba kwenye kifundo. Asubuhi hakikunjiki, mpaka akiloweke kwenye maji ya moto. Msimamizi wa benchi akaanza kurudisha soli zake. "Mama, mstari wako unatetemeka." Mara ya kwanza kwa upole. Mara ya tatu mbele ya watu.

Jioni ile fundi alimfuata dada yake getini akamwambia, na dada anayakumbuka maneno hayo kama ya jana: "Dada, kabla hujatoka kwenye ile benchi nitakutengenezea kitu. Hutashika brashi tena."

"Fanya haraka," dada akamwambia. "Kidole hiki hakisomi kalenda."

Hiyo ndiyo ahadi, wasikilizaji wapendwa. Kitu cha kumtoa dada kwenye brashi kabla brashi haijamtoa dada kazini.

Fundi akaanza. Akachukua bomba nene la chuma, akatia pistoni ndani, akaweka kifyatuo na mpini, na mbele mdomo mwembamba. Ukibonyeza, gundi inatoka. Vizuri. Ukiachia, je? Hapo ndipo penye kazi. Gundi ni kitu kizito na kina ukaidi. Ukikiambia simama, kinaendelea kutembea. Unaachia kifyatuo, na kule mdomoni tone linaning'inia, linarefuka, linadondoka juu ya kiatu kizuri. Wanawake wa benchi walikuwa na jina lake: udenda.

Udenda ulimsumbua karibu mwaka mzima. Na aliyemponyesha alikuwa binti yake, wakati huo ana miaka miwili na mafua makali. Mkewe alinisimulia huku anacheka na machozi yanamtoka. Alisema: "Mtoto kamasi imefika mdomoni. Natafuta kitambaa. Kabla sijakipata, mtoto akavuta, fyuu, ikarudi juu. Mume wangu akaruka kitini. Nikadhani kaumwa na nge. Akasema, 'Umeona? Imerudi nyuma!' Nikamwambia, nimeona, hebu mfute mwanao. Wapi! Kashachukua penseli."

Akatia springi ndogo nyuma ya pistoni. Ukiachia kifyatuo, pistoni inarudi nyuma kidogo, unene wa ukucha tu, nayo inalivuta tone lirudi ndani. Kamasi imerudi puani. Udenda ukakoma.

Kidude kikajaribiwa ofisini, saa tatu asubuhi, mbele ya meneja. Fundi mwenyewe alikishika. Mstari ukatoka safi, sawasawa, mwanzo mpaka mwisho. Meneja akajaribu, naye akaweza. Wakapiga makofi. Vikatengenezwa vidude kumi na viwili, vikagawiwa benchi nzima. Kumi na viwili.

Kesho yake, saa tisa alasiri, fundi alipita benchini kujionea furaha. Akakuta vidude vyote kumi na viwili vimelazwa kwenye kisanduku, na kila mwanamke ameshika brashi yake. Hata dada.

Alikasirika. Dada anasema hakuwahi kumwona vile toka utotoni. "Mnakataa kitu kizuri kwa sababu hamjakizoea! Miezi mingapi sijalala kwa ajili yenu?"

Wakamtazama. Mmoja, mcheshi wao, akasema, "Fundi, kidude chako kizuri sana. Kinafaa kwa mtu asiye na kazi."

Benchi nzima ikacheka. Dada hakucheka. Alimwambia, "Kesho omba ruhusa chumbani kwako. Njoo uketi hapa kwenye stuli yangu."

Akaja. Dada akampa brashi, akampa soli. Kwa saa moja aliona mchezo. Kufika mchana aliacha kuzungumza. Tena kuna jambo ambalo yeye wa chumba cha mashine hakulijua: gundi iko kwenye kopo lililo wazi. Kadiri siku inavyokwenda inakauka kidogokidogo na kuwa nzito zaidi. Asubuhi ni kama uji, jioni ni kama ugoro uliolowana. Basi mkono unapungua nguvu na gundi inazidi ubishi.

Saa kumi ilipogonga, dada akachota gundi ileile ya kopo, akajaza kidude, akamkabidhi. "Haya, bonyeza."

Fundi akabonyeza. Vidole vikatetemeka. Akashika kwa mikono miwili. Kitone kikachungulia mdomoni, kikatazama dunia, kikarudi ndani.

Mcheshi wa benchi akamletea kikombe cha chai amtulize. Hakuweza kukishika. Chai ikamwagika kwenye suruali, na wanawake wale wakacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Dada akamwambia hivi, na maneno haya niliyaandika kwenye karatasi nisije nikayaharibu: "Mdogo wangu, wewe umepima mkono wa asubuhi. Mkono wa asubuhi unaweza lolote, hata kuvunja mawe. Sisi mstari tunaoulizwa ni wa saa kumi. Kipimie mkono wa saa kumi."

Basi kitendawili chetu kimejitegua, wasikilizaji. Asubuhi mtumishi wangu, jioni bwana wangu. Ni mkono. Waliopata, hongereni. Waliosema mume, nimewasikia pia.

Toka siku ile fundi hakujaribu kidude chochote kabla ya saa kumi. Na hakukijaribu kwa mkono uliopumzika. Siku za mapumziko, akiwa nyumbani, alitoa mablanketi, akayaloweka, akayakamua, akayaanika, akayaloweka tena. Mablanketi yaleyale. Mkewe anasema majirani walikuwa wakija kwenye ua kutazama. "Shoga, mumeo anafua vitu visafi. Tulete na vya kwetu?" Na kweli walileta. Mtaa ule miaka ile, asema mkewe, ulikuwa na mablanketi meupe kuliko mitaa yote.

Alipoishiwa nguvu mikononi, hapo ndipo alikaa mezani na kushika kidude. Kikishindikana, anafungua skrubu, anaanza upya. Alirefusha kifyatuo kibonyezwe kwa vidole vinne badala ya gumba. Springi akaibadilisha mara ishirini na kitu. Ikiwa laini, udenda unarudi. Ikiwa ngumu, mkono unashindwa. Kati ya hapo pana nafasi ya unywele, na ndani ya unywele huo alikaa miaka minne.

Miaka minne, wasikilizaji wapendwa. Na ahadi inamtazama.

Dada alitolewa benchini akiwa na miaka hamsini. Hakufukuzwa kwa makelele. Aliambiwa tu akapumzike. Akakunja aproni yake, akaiacha juu ya stuli, akapita mbele ya chumba cha mashine. Nyundo ya mdogo wake ikanyamaza.

Kidude kikakamilika baada ya miezi minane. Nasema tena, maana ndipo uchovu wote wa habari hii ulipo: alichelewa miezi minane. Wa kwanza kukishika pale benchini alikuwa msichana mgeni aliyekalia stuli ya dada. Alifanya kazi nacho mpaka jioni, mkono wake ukarudi nyumbani mzima.

Fundi akachukua kimoja, akakipeleka nyumbani kwa dada yake. Alimkuta kwenye chumba chake kimoja, anakunja nguo kitandani. Saa kumi. Akakiweka mbele yake. Akasema, "Dada, nimechelewa."

Dada akakitazama. Akachana kipande cha boksi la viatu, akakiweka gotini, akabonyeza. Mstari ukatoka. Akaachia. Wakangoja wote wawili kuona kama litadondoka tone. Halikudondoka.

"Umechelewa," dada akamwambia. "Na bado."

"Bado nini tena, dada?"

"Bado kigumu. Yule msichana ana kidole kizima. Mimi nimekibonyeza kwa maumivu. Kalegeze."

Mkewe anasema fundi alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi. Alikuwa amekwenda kuomba msamaha, akapewa kazi.

Toka hapo, kwa miaka ishirini na minane, hakuna kidude kilichotoka mkononi mwa fundi bila kupita chumba kile. Mkono mbovu wa dada ndio ulikuwa kipimo chake. Alistaafu kiwandani akafungua karakana yake ndogo nyuma ya nyumba. Akabuni kidude cha mpamba keki, cha kuchorea maua ya sukari. Akabuni cha muuguzi, cha kupakia marhamu nzito kwenye kidonda cha moto bila kukigusa. Akabuni cha fundi miwani, tone lake dogo kuliko kichwa cha sindano. Vyote saa kumi, juu ya kipande cha boksi. Dada hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na mawili: "bado" na "haya". Kisha anaandika neno hilo na tarehe kwenye boksi na kulitia chini ya kitanda.

Juzi binti wa fundi alivuta maboksi yale nikayaona. Ameyahesabu: vipande mia tatu na sita, vyote vina mistari. Penye "haya" ni vitano. Mia tatu na kimoja, bado.

Nikamuuliza dada, "Hukumwonea huruma?"

Akanijibu, "Ningemwonea huruma, mwenye kidonda angepakwa udenda."

Sasa nifike mwisho, na mwisho ndio unaonichosha.

Miaka miwili hii dada anaumwa macho. Amepewa dawa nzito, ya kwenye tyubu ndogo, atie kila jioni kiasi cha nusu punje ya mchele. Kidole gumba hakiwezi kuiminya. Kwa hiyo kila jioni wifi yake, yaani mke wa fundi, anakwenda kumtilia. Dada hapendi. "Mimi nimelea watu," husema, "leo nalazwa na kufumbuliwa jicho kama mwanasesere!"

Na wifi humjibu, "Tulia, wifi, mwanasesere halalamiki."

Wanacheka, lakini fundi alisikia kilicho nyuma ya kicheko. Akaahidi mara ya pili. Akasema, "Dada, hiki sitachelewa." Akaanza kidude kidogo, cha kukaa kiganjani, kisichohitaji gumba kabisa, unakikumbatia tu. Safari hii hakuhitaji kukamua mablanketi. Moyo wake ulikwisha kudhoofika na mkono wake mwenyewe ulikuwa wa saa kumi toka asubuhi. Binti alimshikia bisibisi. Jumapili jioni akakaza skrubu ya mwisho. Akasema, "Kesho tutampelekea."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Hakuifikia saa kumi.

Tukamzika Jumatano. Tuliporudi nyumbani, watu wamejaa ukumbini, wamechoka, viatu vimerundikana mlangoni, binti alikwenda karakana akakileta kile kidude. Akampa shangazi yake. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Dada akasema, "Tungoje." Tukangoja dakika saba, ukumbi mzima.

Saa kumi akaomba kipande cha boksi. Binti alikwisha kutia dawa ndani. Dada akakikumbatia kiganjani, akabana. Mstari ukatoka mwembamba kama uzi. Hakukunja uso, hakuumia. Mke wa fundi akajiziba mdomo kwa kitambaa. Dada akaachia.

Tukatazama ule mdomo. Moja, mbili, tatu. Pale mwishoni kikatokea kitone. Kikavimba. Kikadondoka.

Udenda.

Binti akapiga magoti mbele yake. Akamwambia kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu nikasikia: "Shangazi, leo tu. Mwambie haya."

Dada akamshika kichwa. "Mwanangu, sikumdanganya akiwa hai. Nimdanganye leo ambapo hawezi kunibishia?" Akachukua kalamu, akaandika tarehe kwenye boksi. Akaandika bado. Kisha akamrudishia binti kile kidude mkononi, akamfunga vidole juu yake. "Springi," akasema. "Ikaze kidogo. Kidogo tu."

Binti akainuka, akafuta uso, akaenda karakana. Tukasikia droo inafunguliwa.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole familia. Pole mama, mke wa marehemu, uliyeanika mablanketi yaleyale miaka yote hiyo. Pole binti. Pole dada, ambaye najua unanisikiliza na umenuna kwa kuwa nimesema habari za macho yako hewani. Nisamehe. Mungu ampumzishe mdogo wako. Alichoka kwa haki.

Nasi wengine tufikiri. Leo saa kumi itakapogonga, mtazame mtu aliye karibu yako anayefanya kazi kwa mikono. Usimtazame usoni, uso unajua kudanganya. Tazama vidole. Halafu jiulize kitu ulichompa akitumie, au neno ulilompa alibebe, ulilipima kwa mkono gani.

Jana alasiri niliwapigia simu. Binti ndiye aliyepokea. Alikuwa ametoka chumbani kwa shangazi yake muda uleule. Nikamuuliza, vipi?

"Bado, bibi," akaniambia. Na hata kabla hajakata simu nikasikia nyundo yake ikigonga.